Kwa nini Leon Draisaitl alirudishwa kwa vijana, na kanuni zilizomfikisha kwenye dola milioni 14 kwa mwaka

Januari 2015, klabu ya hoki ya barafu ya Edmonton Oilers ya Kanada ilimwondoa kikosini kijana wa Kijerumani wa miaka 19 ambaye miezi sita hivi kabla ilikuwa imemteua wa tatu kati ya chipukizi wote wa mwaka ule. Alikuwa amecheza mechi 37 za NHL, ligi kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini: mabao 2, pasi za bao 7. Hakupelekwa AHL, ligi iliyo chini ya NHL ambako wanaume wazima hunolewa. Alirudishwa kwenye ligi ya vijana, ambako mpinzani wako usiku wa leo anaweza kuwa mtoto wa miaka 16. Miaka mitano baadaye kijana huyo huyo, Leon Draisaitl, alitangazwa mchezaji bora wa NHL nzima.

Ukisoma wasifu wake kwa haraka, Januari ile inaonekana kama adhabu, au kama kipaji kilichofeli na kupewa nafasi ya pili. Haikuwa hivyo. Ilikuwa kanuni inafanya kazi yake. Safari ya Mjerumani katika hoki ya barafu haieleweki mpaka ujue tarehe yake ya kuzaliwa, mlango aliopitia kuvuka Atlantiki, na mechi ngapi alicheza mwaka wa kwanza. Kipaji kinahitajika, hilo halina mjadala, lakini wachezaji wawili wenye kipaji sawa wanaweza kupishana kwa mamilioni ya dola kwa sababu mmoja alizaliwa Agosti na mwingine Oktoba.

Msomaji aliyezoea soka aweke kando kwanza habari ya dirisha la usajili na ada za uhamisho. NHL haimnunui kijana. Inamteua katika drafti: klabu zinapokezana zamu, na kwa kawaida zilizofanya vibaya ndizo zinazotangulia. Iliyokuteua inashika haki zako. Hutachezea nyingine ya NHL mpaka haki hizo ziishe au zihamishiwe klabu nyingine kwa kubadilishana.

Köln, Mannheim, na tatizo la kufunga mabao mengi mno

Draisaitl alizaliwa Köln tarehe 27 Oktoba 1995. Baba yake, Peter Draisaitl, alichezea timu ya taifa ya Ujerumani kisha akawa kocha. Kijana alipita kwenye akademia ya Jungadler Mannheim, inayojulikana kuliko nyingi nchini humo, na katika msimu mmoja wa ligi ya chini ya miaka 16 alifunga mabao 97 na kufikisha pointi 192 katika mechi 29. Pointi katika hoki ni mabao ukijumlisha na pasi za bao, na kwa bao moja wanaweza kuhesabiwa watoa pasi wawili.

Zaidi ya pointi 6 kwa mechi ni habari ya kumfurahisha mzazi, ila kocha makini hupata wasiwasi. Maana yake ni kwamba hakuna anayemzuia. Mtoto anayevuka mabeki watatu kila jioni hajifunzi kuachia mapema kisahani, kile cha mpira kinachochezwa badala ya mpira wa duara, wala hajifunzi kukinga mwili anapogongwa ukutani, kwa sababu hagongwi. Mazoea hayo yakikomaa mpaka miaka 18, kuyang'oa ni kazi.

Suluhisho la kawaida lingekuwa kumpandisha kwa wakubwa, na hapa Ujerumani ina msongamano wake. Ligi kuu, DEL, ina klabu 14. Kila klabu inaruhusiwa kupanga wageni 9 katika mechi moja. Timu inachezesha safu nne za washambuliaji watatu watatu, zikipokezana kila sekunde 40 hadi 50, na mara nyingi wageni hao ndio wanaojaza safu mbili za kwanza, tena ndio wanaoingia mpinzani anapokuwa pungufu kwa adhabu. Ongeza Wakanada wenye babu wa Kijerumani na pasipoti ya Kijerumani, ambao hawahesabiwi kuwa wageni. Kinachombakia kijana wa miaka 17 au 18 ni safu ya nne, dakika chache kwa usiku, na agizo moja tu: usikosee. Tangu kushuka daraja kurudishwe (Krefeld Pinguine walikuwa wa kwanza kushuka, mwaka 2022), makocha wamepata sababu nyingine ya kuwaogopa chipukizi.

Ligi imejaribu kulitibu jambo hili. Kuna nafasi kwenye orodha ya mechi zilizotengwa kwa Wajerumani walio chini ya miaka 23, na kuna leseni maalumu ya kukuza vipaji inayomruhusu kijana kuwa na klabu mbili kwa wakati mmoja: Ijumaa anakaa benchi la DEL, Jumapili anacheza dakika 18 katika daraja la pili, DEL2. Hiyo leseni ni dawa nzuri kuliko inavyosifiwa, maana kijana anakua kwa dakika za uwanjani. Benchi halimkuzi, hata liwe la klabu kubwa kiasi gani.

Mwaka 2012, akiwa na miaka 16, Draisaitl alichagua kuondoka.

Siku 42

Mlango aliopitia ni ligi za vijana za Kanada. Zipo tatu chini ya mwavuli mmoja uitwao CHL, na wakati ule kila klabu iliruhusiwa wachezaji 2 tu kutoka nje ya Amerika Kaskazini. Hao wageni nao wana drafti yao. Draisaitl alichukuliwa wa pili katika drafti hiyo na Prince Albert Raiders, klabu ya mji mdogo wa mkoa wa Saskatchewan, katika ligi ya magharibi iitwayo WHL.

Maisha ya huko yana sura moja kwa karibu kila Mzungu wa Ulaya anayefika. Unakaa kwa familia mwenyeji, unasoma, na unasafiri kwa basi, safari za saa nyingi, kwa kuwa ligi hiyo imetandaa kuanzia nyanda za Kanada hadi majimbo ya Washington na Oregon ya Marekani. Hulipwi mshahara wa maana. Unachopata ni mechi nyingi (wakati ule 72 kwa msimu), nyingi kuliko mtoto yeyote wa Ujerumani anazocheza, na uwanja wenye vipimo vya NHL.

Jambo la uwanja linastahili kuelezwa polepole. Viwanja vingi vya Ulaya vimejengwa kwa upana wa mita 30, urefu mita 60. Uwanja wa NHL una upana wa mita 26 hivi. Mita nne hizo zinabadilisha mchezo wote. Kwenye uwanja mpana, beki akikusogelea unaweza kuzunguka kwa nje. Kwenye mwembamba, ukuta uko pale pale, na beki anachohitaji ni hatua moja akubane. Pembeni hakuna nafasi ya kutafakari, kwa hiyo uamuzi wa pasi lazima uwe umefanyika kabla kisahani hakijakufikia. Mshambuliaji aliyelelewa kwenye mita 30 na kuhamia NHL akiwa na miaka 22 anajifunza hilo mbele ya watu elfu kumi na nane. Draisaitl alijifunza Prince Albert, akiwa na miaka 17.

Msimu wa kwanza alipata pointi 58. Msimu wa pili, 105. Na huo msimu wa pili ulitokana na tarehe ya kuzaliwa. Ili kuteuliwa NHL, kijana lazima awe ametimiza miaka 18 ifikapo tarehe 15 Septemba ya mwaka wa drafti. Draisaitl alitimiza tarehe 27 Oktoba 2013: alichelewa siku 42. Angezaliwa mwanzoni mwa Septemba, angeingia drafti ya 2013 akiwa na zile pointi 58 mkononi. Badala yake aliingia drafti ya 2014 akiwa na pointi 105, mwili mzito zaidi na Kiingereza kilichonyooka, akachukuliwa wa tatu. Hakuna Mjerumani aliyewahi kuteuliwa juu zaidi. Tim Stützle alimfikia mwaka 2020, naye akiwa wa tatu.

Mechi 9, mechi 40, na kosa la Edmonton

Sasa turudi Januari 2015.

Kijana wa miaka 18 anayesaini NHL hupewa mkataba wa kuanzia wa miaka mitatu wenye mshahara wa msingi usiozidi kiwango kilichowekwa. Kwa kundi lake kilikuwa dola 925,000 kwa mwaka. Mkataba huo una kipengele ambacho mashabiki wengi hukisikia bila kukielewa: mchezaji wa umri huo akicheza mechi pungufu ya 10 za NHL katika msimu, mwaka wa kwanza hauhesabiki. Mkataba unateleza mbele. Ndiyo maana utaona klabu inamwonjesha kijana mechi 9, kisha inamrudisha alikotoka. Mechi ya 10 inawasha saa.

Edmonton walimwacha akacheze mpaka 37. Saa ikawaka. Waliposhtuka kwamba hayuko tayari, mwaka wa kwanza wa mkataba ulikuwa umeshaungua, ila kizingiti cha pili kilikuwa bado hakijavukwa: mechi 40 kikosini, ambazo humhesabia mchezaji msimu kamili kuelekea siku atakayokuwa huru kuchagua klabu. Walimtoa kabla ya hapo.

Kwa nini basi hakupelekwa AHL? Kwa sababu ya mlango. Kuna makubaliano kati ya NHL na ligi za vijana za Kanada: aliyeteuliwa akiwa mchezaji wa ligi hizo, na hajafikia umri wa miaka 20, akiondoka NHL lazima arudi kwa klabu yake ya vijana. Ligi hizo zinajilinda zisiporwe nyota wao. Haijalishi kwamba kijana ni Mjerumani na hana ndugu Saskatchewan; kwa kanuni hiyo anahesabiwa kama Mkanada. Kwake yalikuwepo machaguo mawili tu, moja gumu kupita kiasi na jingine rahisi kupita kiasi. (Mkataba mpya wa pamoja kati ya NHL na wachezaji, uliopitishwa 2025, unalegeza kidogo: klabu inapewa nafasi ya kumpeleka AHL mchezaji mmoja wa miaka 19. Umechelewa miaka kumi kwa Draisaitl.)

Prince Albert walimhamishia mara moja, kwa kubadilishana, Kelowna Rockets, klabu iliyokuwa inawinda ubingwa. Hapo bahati ilimwangukia. Angebaki kwenye timu dhaifu angemaliza msimu mwezi Machi. Kelowna walitwaa ubingwa wa WHL, yeye akiwa mchezaji bora wa mchujo, yaani hatua ya mtoano baada ya msimu wa kawaida, kisha wakafika fainali ya Memorial Cup, kombe la vijana la Kanada nzima, wakafungwa na Oshawa katika muda wa nyongeza. Alipewa tuzo ya mchezaji bora wa mashindano hayo ingawa timu yake ilipoteza. Kijana aliyekuwa amefunga mabao 2 tu kwa miezi mitatu alirudi nyumbani akijua bado anaweza.

Vuli ya 2015, umri sasa ukiruhusu, alianzia AHL na Bakersfield. Mechi 6 zikatosha. Msimu huo alipata pointi 51 za NHL katika mechi 72, uliofuata 77, halafu kwenye mchujo wa 2017 pointi 16 katika mechi 13.

Hapo ndipo bili ya kosa la 2014 ilipofika. Kama Edmonton wangemrudisha baada ya mechi ya 9, mkataba wake wa dola 925,000 ungeendelea mpaka 2018. Kwa kuwa mwaka mmoja uliungua, uliisha kiangazi cha 2017, akiwa ametoka kung'ara mchujoni. Wakala alikaa mezani akiwa na karata zote. Agosti 2017 alisaini miaka 8 kwa dola milioni 68, yaani milioni 8.5 kwa mwaka. Wengi Kanada walisema klabu imelipa kupita kiasi.

Wakati uliwaumbua. Msimu wa 2018–19 alifunga mabao 50. Msimu wa 2019–20 alipata pointi 110 katika mechi 71 kabla ya korona kuusimamisha, akabeba Art Ross ya mfungaji wa pointi nyingi, Hart ya mchezaji bora, na Ted Lindsay inayopigiwa kura na wachezaji wenyewe. Nyumbani akachaguliwa Mwanamichezo Bora wa Mwaka, heshima ambayo mchezaji wa hoki alikuwa hajawahi kuipata. Na yote hayo kwa milioni 8.5. Lile kosa la mwaka wa kwanza lilimlazimisha kila mmoja kusaini mapema, na mapema iligeuka kuwa rahisi.

Beki aliyepitia mlango mwingine

Moritz Seider, aliyezaliwa 2001 na kukulia Erfurt kabla ya kwenda Mannheim, alikataa basi la Kanada. Alibaki DEL, akatwaa ubingwa na Adler Mannheim mwaka 2019 akiwa na miaka 18, na Detroit wakamteua wa sita, juu kuliko wachambuzi wengi walivyotarajia. Kwa kuwa alitoka klabu ya Ulaya, yale makubaliano na ligi za vijana hayakumhusu. Detroit walimpeleka AHL moja kwa moja. Msimu uliofuata, korona ilipochelewesha kila kitu, walimkopesha Rögle ya Uswidi, ambako alichaguliwa beki bora wa ligi. Misimu yote miwili hakucheza hata mechi moja ya NHL, hivyo mkataba wake uliteleza mara mbili. Alipoingia 2021 alikuwa ameiva: pointi 50, na tuzo ya Calder ya mchezaji bora wa msimu wa kwanza. Mkataba wake mkubwa, miaka 7 kwa milioni 8.55 kila mwaka, ulikuja 2024.

Kwa beki, tunaona njia ya Seider ni bora. Beki hufundishwa na kugongana na wanaume wenye kilo 95, na DEL inao. Mshambuliaji mbunifu anahitaji kushika kisahani na kukosea mara elfu, na hilo safu ya nne ya DEL haimpi. Stützle ndiye anayeonekana kupinga hoja hii, kwa kuwa ni mshambuliaji na alibaki Mannheim. Lakini klabu yake ilimpa dakika za maana tangu mwanzo, akapata pointi 34 katika mechi 41. Kijana anayepewa ahadi hiyo aishike. Asiyepewa ahesabu dakika zake ifikapo Desemba, aamue.

Anachokifanya kwenye duara la kulia

Katika msimu wa 2022–23 Draisaitl alifunga mabao 52, na 32 kati ya hayo yalikuja mpinzani akiwa pungufu kwa adhabu. Edmonton walifunga katika asilimia 32.4 ya nafasi za namna hiyo, rekodi ya NHL.

Simama nyuma ya mshambuliaji utazame goli. Lina upana wa mita 1.83 na kimo cha mita 1.22. Draisaitl hukaa kulia, chini kabisa ya duara lililochorwa kwenye barafu pembeni mwa goli, karibu na mstari wa goli, mahali ambapo kocha wa kawaida angemfokea mtu kwa kupigia. Pembe ni finyu mno. Lakini yeye hushika gongo kwa mkono wa kushoto, hivyo akiwa kulia uso wa gongo unatazama katikati ya uwanja. Pasi ikitoka upande wa pili haitulizi. Anaipiga inavyokuja. Kipa alikuwa ameelemea mlingoti wa mbali kumfuata mwenye kisahani, sasa lazima ajisukume upana wote wa goli akiwa amepiga magoti. Pengo linaloachwa kati ya bega lake na mwamba ni la sehemu ya sekunde. Anayeshika gongo kwa mkono wa kulia akisimama pale pale angelazimika kuacha kisahani kivuke mwili wake kwanza, na pengo lingeshafungwa.

Mwaka 2022 alicheza mchujo huku kifundo cha mguu kikiwa kimeteguka, hawezi kuanza mbio vizuri, na bado akapata pointi 17 katika mechi 5 dhidi ya Calgary. Mtu asiyeweza kukimbia anaweza tu kufanya hivyo kama mchezo wake umejengwa juu ya mahali pa kusimama na pasi za upande wa nyuma wa gongo.

Milioni 14 ni ngapi hasa

Septemba 2024 alisaini tena miaka 8, jumla dola milioni 112, kuanzia msimu wa 2025–26. Tarakimu hiyo peke yake haina maana. NHL ina kikomo cha mishahara kwa kila klabu, na thamani ya mchezaji hupimwa kwa sehemu anayokula. Kikomo cha 2017–18 kilikuwa milioni 75, hivyo milioni 8.5 ilikuwa asilimia 11 hivi. Cha 2025–26 ni milioni 95.5, na milioni 14 ni karibu asilimia 15. Kwa mkataba wa kwanza Edmonton walipata nyota kwa bei ya mchezaji mzuri. Kwa wa pili wanalipa bei kamili, na kila dola ya nyongeza inatoka kwenye mfuko wa mabeki na kipa.

Msimu wa 2024–25 alifunga mabao 52, akachukua tuzo ya Maurice Richard ya mfungaji bora, na mchujoni akafunga mabao 4 ya ushindi katika muda wa nyongeza, idadi ambayo hakuna aliyewahi kuifikia katika mchujo mmoja. Edmonton walifika fainali ya Stanley Cup, kombe la ubingwa wa NHL, kwa mwaka wa pili mfululizo, wakafungwa na Florida kwa mwaka wa pili mfululizo.

Kwenye kikosi cha Florida mwaka huo alikuwemo Nico Sturm wa Augsburg, aliyezaliwa Mei 1995, karibu miezi sita kabla ya Draisaitl. Hakuteuliwa na klabu yoyote katika drafti. Alipitia ligi ndogo za vijana za Marekani, kisha miaka mitatu katika chuo kikuu cha Clarkson, mlango ambao hadi Agosti 2025 ulifungwa kwa kijana yeyote aliyewahi kucheza ligi za vijana za Kanada. Alisaini NHL akiwa na miaka 23. Lile la 2025 lilikuwa kombe lake la pili, baada ya la Colorado mwaka 2022.